Kiwavi Wangu Ametoa Nzi

Jamani, leo asubuhi kiwavi wangu ametoa nzi.

Sitanii.

Mnaonijua mnajua navyofuga viwavi wa manyoya, nione watageuka nondo gani. Huyu alikuwa mweusi, ana mstari mwekundu ubavuni. Nilimwokota kwenye majani nyuma ya nyumba, hapa Buhongwa, Mwanza. Nikatuma picha kwa mtaalamu wa wadudu.

Akajibu: "Huenda ni wale nondo wa madoa kama chui. Ila kwa kiwavi peke yake siwezi kukupa jina. Subiri atoke."

Nikasubiri. Kiwavi akajifungia kwenye kifuko alichosuka kwa manyoya yake mwenyewe, ndani ya kopo. Mama mkwe, aliyekuja juzi kutoka Bukoba, akawa anamchungulia kuliko hata mimi.

Leo akaniita kwa furaha: "Mama Koku, njoo! Mtoto wako ametoka!"

Nikakimbia na povu mikononi.

Nzi wawili. Wa kijivu.

"Kumbe ni mapacha," akasema. Hakuwa na miwani.

Ikabidi nimweleze. Nzi alishamtagia mayai kiwavi kabla sijamwokota. Siku zote nikimlisha, nilikuwa nalisha funza waliokuwa wanamla kwa ndani.

Mama akasema: "Pole, mwanangu. Si utatafuta mwingine?"

Nikamwonyesha dirishani. Pale nilipomwokota katapila limeshasawazisha, wanajenga vyumba vya kupangisha.

Aliyewahi kumwona kiwavi wa hivyo hapa Mwanza aniambie. Hata kama ni zamani.