Siku Pepo wa Hooyo Aliponionja

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa maji na kurudisha mbuzi zizini, kule Kotile, niliamini kwamba njaa ya mwanamke ni ya kuogopwa kuliko fisi. Sikulibuni jambo hilo mimi. Kila mtu alilisema. Mwanamke akishinda njaa muda mrefu, walisema, tumbo lake huwa kama nyumba isiyo na mwenyewe, na saar huingia. Saar ni pepo wa kwetu, kama watu wa pwani walivyo na wao. Akishaingia hatoki mpaka apewe anachotaka, na akinyimwa humla aliye karibu.

Wanaume walifanya mzaha. "Mbona pepo wenu hapendi ugali?" Aabo, baba yangu, aliuliza kila aliposikia kuna mwanamke amepandwa. "Kila siku nyama tu." Wenzake walicheka mpaka wakajifuta machozi. Lakini mbuzi walichinja, wote, na sikuwahi kumwona hata mmoja akikataa.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Hooyo, mama yangu, alipika na kupakua kama ilivyo desturi: kwanza sinia ya Aabo na wageni wake, kisha kaka zangu, kisha mimi, halafu yeye akakwangua sufuria. Siku nyingine hakukuwa na cha kukwangua. Alichemsha chai ya rangi, akanywa, akasema ameshiba. Mama zenu sijui walisema uongo gani. Wangu alisema huo.

Kisha Aabo akarudi kutoka Masalani na habari kwamba ananioza. Nilikuwa darasa la sita. Mchumba alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, Haji tukimwita, mwenye ndevu za hina na wajukuu niliokuwa nikicheza nao rede. Hooyo alimsihi Aabo kwa upole. Akamsihi kwa machozi. Akawatuma wazee, wakaenda wakanywa chai, wakarudi wakamwambia Haji ni mtu mzuri. Ya chifu hata hayakutajwa, kwa sababu mke anayempeleka mumewe kwa chifu kwetu hana pa kurudi.

"Mdomo wako umechoka," Aabo alimwambia mwishowe. "Upumzishe."

Ukapumzika kweli. Hooyo aliacha kusema, na akaacha kula. Alipika, akapakua, akakaa akitutazama tukitafuna. Asubuhi moja alianguka karibu na jiko, akaanza kunguruma. Sitafuti neno la kupamba, alinguruma. Kaka yangu mkubwa alikimbia nje na kikombe mkononi.

Akaitwa Eeddo Barwaqo, dada mkubwa wa Aabo, ambaye ndiye aliyekuwa fundi wa saar pale kijijini. Alimkagua Hooyo macho, akamgeukia kaka yake. "Mkeo ni kiti sasa," akasema. "Aliyemkalia ana njaa. Ahidi mbele ya watu."

Aabo alikuwa na haraka. Alasiri hiyo hiyo Haji angekuja kumaliza mambo ya posa. "Mpeni chochote anachotaka," akasema, "ila mmalize mapema."

"Rudia," Eeddo akamwambia. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni.

"Chochote anachotaka," Aabo akarudia. Nafikiri mawazo yake yalikuwa kwenye halua, manukato na nguo mpya ya guntino.

Mgeni anaweza asielewe uzito wa maneno hayo. Mwanamume wa kwetu anaweza kumwahidi mkewe jambo akazikwa hajalitimiza, na hakuna atakayeshangaa. Aliyemwahidi pepo mbele ya watu harudi nyuma. Anaogopa kwa ajili ya mifugo yake, kwa ajili ya wanawe, na zaidi kwa ajili ya nafsi yake.

Baada ya sala ya alasiri wanawake wakaja. Walifukiza ubani, wakapiga jerikeni na mabeseni, wakamzunguka Hooyo wakitikisa vichwa. Niliwajua wote. Kulikuwa na muuza sambusa na mke wa mwalimu wa Kurani pale duksi, wanawake ambao njiani hawakuinua macho. Sasa mitandio iliwateleza na hakuna aliyeirekebisha. Haji alifika katikati ya kelele hizo, akakaribishwa mkekani upande wa pili wa ua, akatabasamu kama mtu aliyekuja kutazama arusi.

Aabo alichinja mbuzi mwenyewe. Eeddo akaleta ini kwenye sahani, bichi, likitoa mvuke. Hooyo akalishika kwa mikono miwili.

Sikuwa nimewahi kumwona mama yangu akila mbele ya wanaume. Kusema kweli, sikuwa nimewahi kumwona akila mpaka akatosheka. Alilirarua lile ini, damu ikamtiririka kidevuni, na muda wote aliotafuna alikuwa akiwatazama wale wawili mkekani. Akala moyo. Akala figo. "Astaghfirullah," Haji akasema, na tabasamu likamtoka.

"Umeshiba?" Eeddo akamuuliza pepo.

"Bado." Ilikuwa sauti nzito, si ya Hooyo.

"Unataka nini?"

"Huyu." Akanionyesha mimi.

Niligeuka nikimbie, Eeddo akanidaka mabega. Nilimlilia Aabo aniokoe. Aabo aliinuka nusu, akasita, akakaa tena. Baba yangu nilimsamehe mengi kabla hajafa, lakini kuinuka nusu huko sikuwahi kumsamehe.

Hooyo akanivuta, akapandisha mkono wa gauni langu, akaniuma. Wala hakuwa akiigiza. Meno yalizama mpaka nikaona giza, na alipoyatoa damu yangu ilikuwa imechanganyika na ya mbuzi mdomoni mwake. Akatema chini, akamkazia Haji macho.

"Huyu ni wangu," akasema. "Nimeshamwonja. Atakayemchukua kabla hajamaliza shule, nitamfuata kitandani kwake, na nitaanza na koo."

Leo nacheka nikikumbuka: pepo wa nyikani, na habari za shule anazijua! Siku ile hakuna aliyecheka. Haji alijishika koo, akainuka, akatafuta viatu vyake.

"Haji, ngoja," Aabo akasema. "Haya ni mambo ya wanawake tu."

"Umeahidi chochote," Haji akamjibu. "Watu wote wamesikia. Mimi simo." Akaondoka hata chai hajaonja.

Magharibi Hooyo aliamka, akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe. Alipouona mkono wangu alilia, akauosha kwa maji ya chumvi. Shuleni walinipa jina la Mabaki. Liliniuma, sikatai. Lakini Mabaki alimaliza la nane, akaenda sekondari Garissa, akasomea ualimu, na sasa anafundisha Kiswahili Masalani. Mabaki aliolewa alipotaka, na aliyemtaka.

Nilipokuwa chuoni nilijipa moyo kwamba Hooyo alitucheza shere sote. Likizo moja nikamuuliza: ilikuwa saar, au ilikuwa wewe?

"Nilikuwa na njaa, Deeqa," akanijibu. "Tangu nilipoolewa nilikuwa na njaa. Usiniulize jina lake."

Sikumuuliza tena. Zamani niliiogopa njaa ile. Sasa ninachosikia ni hasira, kwamba iliachwa ikomae miaka yote hiyo na watu waliokula wakashiba mbele yake. Na ninaipenda. Ndiyo iliyoninyonyesha na ndiyo iliyoniuma, nami sioni aibu kusema nimeirithi.

Wiki iliyopita alinijia mama wa mwanafunzi wangu mmoja. Bintiye yuko darasa la sita na anaozwa mwisho wa mwezi. Nilimpigia simu ofisa wa watoto, akasema atakuja. Mama yule hakuitazama simu. Alikuwa akilitazama kovu la meno mkononi mwangu.

"Abaayo, dada yangu," akasema polepole, "mama yako bado yupo?"

"Yupo, alhamdulillahi. Lakini kazeeka, hana hata jino moja. Siku hizi anakunywa uji."

Akainamisha kichwa. Nikamwambia aende nyumbani, aache kusema, na mumewe akiuliza ana nini, aitishe mbuzi.

"Na kuuma?" akauliza. "Mimi sitaweza kumuuma mwanangu. Nani atamuuma?"

"Mimi," nikamwambia. "Yangu yapo yote."