Utepe wa Sukari wa Nyumba Kumi

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka naiona nyeupe tupu: sukari nyeupe, pamba nyeupe, na ziwa letu la Musoma limetulia kama maziwa ndani ya kibuyu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja kuitwa kazini, na kazi haikuwa na haraka nami. Wenzangu walikwenda kuvua sato. Siku ya shamba la kijiji nilikwenda pia, nikawa wa kwanza kurudi. Siku nyingine zote nilikuwa jikoni, hata vijana wa mtaa wakanibandika jina la Mwali, kwa kuwa mwali ndiye akaaye ndani. Sikukasirika. Jikoni kuna kivuli, na sufuria haimsengenyi mtu.

Mwalimu wangu alikuwa Shangazi Dorika, dada yake baba. Keki alifundishwa na masista wa misheni kule Nyegina. Dada yangu Perusi alipochumbiwa na kijana wa Nyasura, kule Bunda, Shangazi akatangaza kwamba juu ya keki kutakuwa na utepe mkubwa, wenye masikio mawili na mikia miwili, kama ule anaofungwa mtoto wa kike kichwani siku ya Jumapili. Ila huu utakuwa wa sukari, wa kuliwa.

Sasa, sukari yenyewe! Enzi zile za Ujamaa iliingia dukani kwa kubahatisha, na ikiingia, kila kaya kikombe kimoja. Mzee Magesa, balozi wetu wa nyumba kumi, akapita na bakuli mlango kwa mlango. "Perusi ni binti wa nyumba zote kumi," alisema. Bakuli likarudi limejaa. Mimi nililiona limejaa tu; sikuuliza limejaaje.

Keki ikaokwa, sukari iliyobaki tukaisaga kwa chupa juu ya ubao, tukaichekecha kwa kitambaa mpaka ikawa kama vumbi la mbalamwezi. Tukatia jelatini ya masista ya kugandishia, asali kutoka Butiama na mafuta kidogo, tukakanda mpaka donge likawa laini kama ndewe ya sikio. Nikalisukuma kwa chupa ile ile, nikakata mikanda kwa rula yangu ya shule, nikaikunja. Ndani ya kila sikio nikaweka pamba ya Bunda iliyofungwa kwenye karatasi, ili lisilale kabla ya kukauka.

Shangazi akainama, akatazama. "Mkono wako umeshanizidi," akasema. Waliosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji walikuwa wananijua. Kisha akaongeza, na hili ndilo sikulisikia: "Siku tatu usiuguse, wala usitoke stoo. Huo ni kama mtoto mchanga, hatolewi nje kabla ya siku zake."

Siku ya pili vijana wakapita.

"Mwali, tunasikia unashona sukari! Uongo huo."

"Njooni keshokutwa mtauona."

"Keshokutwa ndiyo siku ya waongo. Wewe ulikuwaga hivyo hivyo tangu darasa la pili."

Mwanangu, nikaingia stoo, nikatoka na sinia. Nikachomoa na pamba, waone masikio yalivyo matupu ndani. Jua likapita katikati ya ile sukari, ikang'aa kama kucha za mtoto. Wote wakainama kuutazama. Kwa muda huo mfupi nilikuwa mtu mkubwa kuliko wote Mkoa wa Mara.

Ndipo kitu kama moshi kikainuka ziwani. Unawajua wale wadudu wadogo, wanaopanda kutoka majini kama wingu na kuingia mpaka puani. Wenzangu wakavuta mashati vichwani, wakakimbia. Mimi nikalalia sinia kama kuku juu ya mayai. Wingu lilipopita, masikio yalikuwa yamelala chali, laini kama ugali wa moto, na weupe wote umegeuka kijivu, vijibawa juu ya vijibawa.

Perusi alitoka, akaona, akaziba mdomo. Harusi ilikuwa keshokutwa. Hakulia, na heri angelia. Shangazi hakupaza sauti.

"Nawa uso, wamo mpaka kwenye nyusi. Kisha uende zile nyumba tisa, ukawaambie mwenyewe sukari yao imekwenda wapi."

"Shangazi, bora unichape."

"Kuchapwa ni rahisi. Nenda."

Mimi, ambaye hata kisimani nilikwenda kwa kubembelezwa! Nyumba ya kwanza walicheka. Ya tatu waliita na wa nyumba ya nne waje kucheka. Ya mwisho ilikuwa ya Mzee Magesa. Nilimkuta anakunywa uji, na juu ya mkeka hapakuwa na sukari. Kikombe chake kilikuwa kimekwenda chote kwetu.

"Kwa hiyo nimewaandalia harusi wadudu wa ziwani?"

"Ndiyo, Mzee."

"Walishukuru?"

"Walikufa, Mzee."

Akacheka mpaka uji ukamwagika. Kisha akaniangalia. "Sukari si neno, uji tumeuzoea hivi. Lakini sisi tulitaka tuuone utepe ule siku ya Perusi, wote kwa pamoja. Wewe umeuona mapema, bila sisi."

Fimbo ya Shangazi isingefika hapo yalipofika maneno hayo.

Niliporudi, Shangazi alikuwa ametoa mkebe. Chini ya kitambaa kibichi alikuwa ameficha donge la kutosha ngumi moja. Akanisukumia. "Fanya wewe," akasema tu. Nikafanya utepe mdogo, wa kutosha kiganja cha mtoto, nikafunga stoo, nikakaa mlangoni. Hata Perusi sikumfungulia.

Siku ya harusi, wageni wa Bunda walikuta majirani wamezunguka keki. "Sikio la kushoto ni kikombe changu," mama mmoja akasema. "Hilo lililopinda? Basi ni lako kweli," mwenzake akamjibu. Perusi akazuia kisu mpaka Mzee Magesa, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, asogee. Akainama karibu sana, akautazama kwa muda mrefu.

"Ni mdogo," akasema. "Lakini tumo wote."

Mwanangu, wewe leo unanunua donge limeshakandwa, na kabla halijakauka umeshalipiga picha. Sikulaumu, ningekuwa na simu siku ile ningekushinda. Ila kizuri chajiuza, hakihitaji kutembezwa kikiwa kibichi. Na kabla hujajisifu kwa kazi ya mkono wako, uliza ni vikombe vya nani vimo ndani ya bakuli lako, maana furaha ya kuiona ni yao pia. Ukiharibu, nenda ukaseme mwenyewe, mlango kwa mlango.

Mungu aupe mkono wako utulivu, akupe na majirani wa kukucheka usoni na kukuchangia kikombe siku hiyo hiyo. Kila utakachokifunga kikauke salama.