Nilipiga katikati ya njano, na bado nikakosa nafasi ya timu ya upinde Dodoma

Wakuu, heshima zenu, na mlionizidi umri shikamooni.

Hiki ninacholeta sijasimuliwa na mtu. Kimenipata mwenyewe, na hasira yake bado sijaimaliza. Nilichobadili ni majina tu.

Mimi ni mtu wa arobaini na kitu, form four, mzaliwa wa Haneti. Nimeishi Kahama, Tunduma, Mpanda, Songea. Kila mahali mama ntilie akianza kunizoea, nahama. Mwaka jana nikarudi Dodoma, nikasema napumzika kidogo.

Mji nimeukuta siujui. Pale nilipokuwa nashukia na lori la mtama nikiwa kijana, sasa ni maghorofa.

Siku moja napita njia ya Chamwino, nikaona watu kwenye kiwanja cha shule wanapiga mishale. Nikasimama. Marehemu baba alinifundisha upinde, tukiwinda kanga kwenye shamba la uwele. Nikaomba kujaribu.

Mshale wa kwanza ukaenda kwenye nyasi. Wa pili ukaufuata.

Kocha wao ni dada mmoja mtumishi, alihamia huku na wizara yake. Tumwite Rehema. Akaniambia, "Kaka, nguvu unazo. Ila unapiga kama mtu anayewahi basi."

Kwa wasiojua, huu mchezo si ubabe wa mkono. Unasimama ubavu kwa target, ile shabaha ya miduara ambayo duara lake la katikati ni la njano. Unavuta kwa misuli ya mgongo mpaka mkono uguse chini ya taya, palepale kila mara. Unatulia. Unaachia kwa kulegeza vidole tu.

Halafu unabaki hivyohivyo, upinde juu, mpaka usikie mshale umegonga. Hapo ndipo penye kesi yangu.

Mimi nikiachia, mguu umeshatoka.

Si makusudi. Kwa baba, ukiachia unakimbia, maana kanga mwenye jeraha akiingia kichakani humpati tena. Sasa mwili ukianza safari kabla mshale haujaondoka vizuri, mkono unashuka, na mshale nao unashuka.

Tena kiwanjani kuna mstari. Huvuki mpaka filimbi ilie, kwa sababu wenzako bado wanapiga.

Kulikuwa na Mhehe mmoja, mtani wangu, tumwite Kalinga. Kila nikichomoka anapiga kelele, "Mgogo, kimbiza, kanga huyo!"

Namjibu, "Siku ya msiba wako ndiyo nitatulia, Mhehe!"

Kiwanja kizima kicheko.

Kocha akanitoa kwenye target kabisa. Akanisimamisha karibu na robota la majani, nimefumba macho, napiga nikisikiliza mgongo wangu tu. Hakuna duara, hakuna alama, hakuna kitu cha kufukuzia.

Wakuu, sijawahi kupewa adhabu kama ile. Nikifumba macho naona barabara. Mara ngapi nimetamani kuweka upinde chini niondoke zangu!

Lakini mwili ukaanza kuelewa. Mishale ikaanza kukaa pamoja. Kalinga akapunguza maneno.

Ikaja habari ya mashindano na klabu ya Singida. Timu ilikuwa imebakiza nafasi moja, ni mimi au Kalinga.

Wiki hiyohiyo jamaa yangu wa Chunya, kule Mbeya, akanipigia kwamba kuna kazi, niwahi. Nikamwambia nikikosa nafasi, nakuja. Mama yangu kule Haneti, asiyejua hata target ni nini, nilipomweleza akasema tu, "Basi mwanangu, piga vizuri."

Siku ya mchujo upepo ulikuwa na vumbi lake, na klabu nzima tuko kwenye mstari. Mpaka tunafika mshale wa mwisho, mimi na Kalinga tuko sawa. Wake ukagonga nje kidogo ya njano.

Nikavuta. Mkono chini ya taya. Mgongo ukafanya kazi yake. Nikaachia, na nikabaki. Wallahi nilibaki, upinde juu, mpaka nikasikia *pu!* Katikati kabisa.

Ndipo furaha ikanibeba. Nikatoka kwenda kuutazama.

"Shusha upinde!" Kocha alikuwa anamwambia binti mmoja mwisho wa mstari, ambaye bado alikuwa amevuta. Filimbi ilikuwa haijalia.

Nikarudi nyuma. Hakuna aliyecheka.

"Kaka," kocha akasema, "huo ndio mshale bora wa leo. Nafasi ni ya Kalinga."

Kalinga mwenyewe akanitetea. "Kocha, si amepiga vizuri jamani?"

"Na yule binti angempiga yeye vizuri vilevile."

Nikakusanya mishale yangu, nikaondoka. Kama ninyi mna la kumjibu, leteni.

Nilifika ghetto nikatoa begi uvunguni. Likakaa kitandani siku nzima, wazi, na mimi nalitazama. Mwisho nikampigia jamaa wa Chunya nikamwambia siji.

Akacheka. "Utakuja tu. Nakujua."

Ananijua kweli. Ila jioni yake nilikwenda kiwanjani, kocha akaninyooshea kidole kuelekea lile robota, nikafumba macho.

Nilichojifunza ni kwamba nilidhani kutulia ni mpaka mshale ugonge. Kumbe ni mpaka wa mwisho kwenye mstari naye amalize.

Mliowahi kuhamahama kama mimi kisha mkaweza kukaa sehemu moja, shusheni uzoefu hapa chini, msinionee aibu. Miguu inawasha, wakuu, na mabasi ya Mbeya yanapita kila siku.