Bibi Gani, Papa Donat?

Clotilde Kabedi alikuwa na mdomo, na hakuna mtu wa Hewa Bora, mtaa wa Lubumbashi, angekataa hilo. Lakini alikuwa na vidole pia. Kwa miaka ishirini na sita vidole hivyo vilipiga barua za nusu ya mtaa: maombi ya kazi, malalamiko ya ua uliosogezwa, salamu za rambirambi. Alianza na mashine ya chuma aliyoachiwa na baba yake, karani aliyekuja kutoka Kasai na kalamu mbili mfukoni, kisha akahamia kompyuta. Watu waliingia chumbani mwake na Kiswahili chao, wakatoka na Kifaransa kilichopigwa pasi.

Kisha ikaja hiyo akili mnemba. Redioni wakubwa walibishana kila asubuhi: itakula kazi za watu, haitakula, serikali iseme neno, serikali inyamaze. Mtaani hakuna aliyengoja jibu. Watu walisema shida yao mbele ya simu, barua ikatoka kabla hujapiga chafya. Wateja wa Clotilde wakapungua, kwanza vijana, kisha wazazi wao. Ile Ijumaa ninayoisimulia alikuwa amekwisha kuamua: kesho yake, Jumamosi, angefunga. Binti yake Léa alikuwa amemtafutia nafasi ya kukaa kaunta kwenye duka la dawa huko Karavia.

"Nitauzisha dawa ya minyoo," aliwaambia jirani. "Minyoo hayina telefone."

Alicheka, nao wakacheka, ila nyumbani alikuwa amelia siku mbili.

Basi Ijumaa hiyo, kama saa nne hivi, akatokea mlangoni Donat, fundi wa zamani wa treni, mteja wake wa miaka kumi na mitano ambaye kwa mwaka mzima hakukanyaga pale. Alikuwa anapitia upande wa pili wa barabara, tena akiangalia mbingu.

"Ee, papa Donat! Leo umepotea njia? Ao telefone iko mugonjwa?"

"Maman Clotilde, unisamehe. Niko na shida."

"Ikala. Shida haisemwi na muntu mwenye kusimama."

Donat akaketi, akatoa karatasi. Ilikuwa barua aliyoandikiwa na simu, akaipeleka hospitali walikokuja madaktari wa macho kwa muda wa wiki moja tu. Alikuwa anamwombea mkewe, Albertine, nafasi ya kupasuliwa. Hospitali walikuwa wameirudisha, na pembeni mtu ameandika kwa wino mwekundu: "Mgonjwa ana miaka 43, mwombaji 51. Nyanya na mjukuu? Eleza."

Clotilde akavaa miwani. Mstari wa kwanza tu, moyo ukamruka. *J'ai l'honneur de venir auprès de votre haute personnalité.* Nina heshima ya kuja mbele yako, mheshimiwa: maneno yake hayo! Kwa miaka ishirini na sita ndiyo maneno aliyofungulia kila barua, na sasa yalikuwa yametoka ndani ya simu ya Donat, yamenyooka, hayana kosa hata moja. Nani aliyeifundisha? Yeye hakuna aliyekuja kumwomba ruhusa. Kiliuma kitu hicho, tena kiliuma sana.

Akaendelea kusoma. Alipofika mstari wa nne akavua miwani, akailaza juu ya meza, akacheka mpaka kiti kikalia.

"Papa Donat, unajua unaandika nini hapa? Unasema nyanya yako mpendwa haoni tena, na tangu mwaka jana ananyang'anya bantu dawa yote ya macho!"

"Mama yangu!"

"Wewe uliisoma hii barua mbele ya kuitia sinyatire?"

"Nilisoma mustari wa kwanza. Niliona *j'ai l'honneur*, nikasema, bon, iko muzuri."

"Na telefone uliiambia nini? Neno kwa neno."

"Nilisema: bibi yangu haone muzuri. Tangu mwaka jana anakamata dawa yote ya macho, lakini haiponi."

Kumbe! Hapa Lubumbashi bibi ni mke wa mtu, na mama ya mama yako ni nkambo. Na dawa hapa unaikamata, maana yake unaitumia, kila mtoto anajua. Lakini mashine ilijifunza Kiswahili chake kwa watu wengine, huko ambako bibi ni nyanya na kinachokamatwa ni mwizi.

"Cobalt yetu, madini ya hapa, iko ndani ya ile telefone," Clotilde akasema, "lakini kinywa yetu bado kuingia."

Donat hakucheka. Alikuwa anakunja na kukunjua kofia yake.

"Albertine angeliona hili kosa, maman. Unamujua. Mwalimu ule! Lakini sasa batoto banaandika bujinga, yeye anatia *bien*, muzuri. Directeur anamuambia: kama macho haiponi, trimestre hii ya masomo inaisha, unaacha darasa. Ku nyumba anapapasa mulango. Na banafunga liste leo midi, saa sita." Sauti ikamkatika. "Ni mie nilimufungia njia."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu. Nisimpambe Clotilde: alitamani kusema, basi iambie telefone yako ikusaidie. Neno lilifika hadi kwenye meno. Lakini Albertine hakuwa amemkosea lolote, na ndiye aliyemfundisha Léa kusoma.

"Lete hiyo telefone," akasema. "Na unijibu. Bibi gani, papa Donat?"

"Bibi gani namna gani? Bibi yangu! Wa ndoa, ya kanisa!"

"Tangu mwaka gani? Jicho gani haione? Darasa iko na batoto ngapi?"

Akauliza kama alivyowauliza wote, bila kuona haya. Hata hivyo hakuwasha kompyuta yake. Aliishika simu ya Donat mbele ya mdomo kama mtu anayemgombeza mtoto wa jirani: "Sikia, wewe. Hapa Lubumbashi, bibi ni *épouse*. Kukamata dawa ni kuitumia. Andika tena."

Mashine ikaomba radhi na kuandika upya. Nyanya akatoweka, mke akaingia mahali pake.

"Ee! Iko na adabu," Clotilde akasema, na moyoni akastaajabu kweli.

Lakini akaisoma yote, na chini kabisa akakuta mashine imeongeza kwamba Albertine ni kipofu wa macho yote mawili. Hakuna aliyesema hivyo! Jicho la kushoto lilikuwa bado linaona kivuli. Clotilde akafuta. Hapo ndipo alipoijua dawa ya mgeni huyo wa ndani ya simu: mbio anazo, Kifaransa anacho, ila hajui kuuliza. Kuuliza si ujinga, na yeye ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote, vidole vilikuwa vinasaidia tu.

Barua ikachapwa kutoka simuni, Donat akatia sahihi, safari hii baada ya kuisoma yote kwa sauti, akaondoka mbio kama kijana. Clotilde akabaki anaangalia saa. Saa tano. Saa tano na nusu. Ilipobaki dakika kumi kufika saa sita simu yake ikalia.

"Maman Clotilde! Banakamata!"

"Banakamata nani? Wewe ao barua?"

"Barua! Barua, maman! Albertine iko ndani ya liste!"

Jioni Clotilde akampigia Léa, akamwambia wale wa duka la dawa watafute mtu mwingine. Donat alikuwa ameieneza hadithi ya nyanya yake sokoni na kanisani, akijicheka mwenyewe, na Jumatatu watu walikuja na simu mikononi: mmoja na barua ya kazi, mwingine na kesi ya ua, wote wakiuliza kama ndani hamna nyanya. Clotilde akamwita Kasonde, mchoraji wa vibao, amwandikie kibao kipya juu ya mlango kwa rangi ya buluu:

CHEZ CLOTILDE
CORECTION YA BARUA YA TELEPHONE
BIBI NI BIBI

Wiki sita watu walipita chini ya kibao hicho. Kisha asubuhi moja mwanamke mwenye miwani nyeusi akasimama ng'ambo ya barabara, mkoba wa madaftari begani, Donat kando yake. Akavua miwani. Akakaza macho.

"Maman Clotilde!" akaita kwa sauti ya darasani. "*Correction* iko na R mbili!"

Clotilde akatoka nje, akatazama juu. Yo! R moja. Wiki sita! Yeye, msahihishaji wa mtaa mzima! Damu ikampanda usoni na jibu kali likawa tayari, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsahihisha hadharani akapona. Halafu akageuka kumtazama Albertine, akaona barabara yote iliyokuwa kati yao, pana, yenye vumbi na pikipiki.

"Soma tena, mwalimu," akasema. "Soma yote."

Albertine akasoma yote, kutoka palepale aliposimama.