Tulipokata mpira wa breki wa gari ya marehemu baba ndipo nikamwamini

Wakuu, salamu kutoka Tabora. Kaeni vizuri, uzi ni mrefu kidogo ila humu sijatia chumvi hata punje. Mama yangu yupo hai na ndiye shahidi, tena amenionya nisimpambe.

Ni habari ya breki. Najua kuna wenzangu wameshaanza kusogeza kidole wapite. Subirini kwanza.

Marehemu baba alikuwa afisa nyuki. Ujana wake aliumalizia kwenye misitu ya Sikonge, na baiskeli yake, mizinga yake na moshi wake. Halafu mtu huyohuyo, mama akiwa na mimba yangu, akaenda kununua gari ya michezo kwa mhandisi mmoja aliyekuwa anaondoka nchini.

Datsun ya milango miwili, boneti ndefu, rangi ya njano na boneti nyeusi. Siti mbili tu.

Mke ana mimba, mzee analeta gari ya siti mbili. Mama hajawahi kulisahau jambo hilo, na mimi nimekua nalisikia kila sikukuu.

Mtaani kwetu Isevya wakaibatiza Nzuki, yaani nyuki kwa Kinyamwezi. Afisa nyuki na nyuki wake. Mzee alijifanya hapendi lile jina, lakini tulimwona anavyocheka pembeni.

Sasa tuje kwenye kidonda.

Miaka mitano iliyopita mzee na mama walikuwa wanarudi kutoka Puge, kwao na baba, kule njia ya Nzega. Wametoka Puge kidogo tu, ng'ombe wakakatiza barabara. Mzee akakanyaga breki, akasubiri wapite, akaachia, akaongeza mwendo.

Nzuki ikahama upande wa kulia. Ikavuka barabara nzima, ikaingia mtaroni kando ya shamba la pamba. Mama anasema hawajakaa sawa, lori likapita palepale walipotoka kuvuka.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu mpaka leo. Ila mama alitetemeka siku tatu.

Mzee alikuwa na neno moja tu. "Gari ilivuta."

Wakuu, nani angemwamini? Mzee ana miaka sabini na kitu, miwani minene kama kitako cha chupa, kahawa yenyewe alikuwa anamimina nje ya kikombe. Tulikaa kikao cha familia pale sebuleni. Mama akamwambia mbele yetu sote, "Baba Method, macho yako yameisha. Lete ufunguo."

Akautoa. Ulikuwa na kidonge cha nta kimefungwa kwa kamba, ndiyo mapambo yake. Akasema tena, taratibu, "Gari ilivuta." Mimi mwenyewe, Method huyu ninayeandika hapa, nikamwambia, "Sawa baba, tumekusikia." Mnajua ile sawa ya kumnyamazisha mtu.

Hakuendesha tena. Alikuwa anaifuta vumbi kila asubuhi, basi. Mwaka jana akatutoka, tukamzika kwao Puge.

Baada ya msiba mama akanipa ule ufunguo kwa masharti mawili. Nisiendeshe kwa fujo, na nisimwambie apande. Yeye na ile gari basi tena.

Nikaanza kuitumia hapa mjini kwenda kazini na kanisani. Wiki ya pili tu nikaanza kuhisi kitu. Ukikanyaga breki ukaachia, usukani unakwenda kulia wenyewe. Kidogo tu. Unarudisha, unaendelea, unajiambia barabara mbovu.

Halafu rimu ya mbele kulia ukiishika baada ya safari, ya moto kama sufuria.

Nikaanza kubadilisha vitu. Pedi mpya, bado. Nikapeleka kupangwa magurudumu, bado. Fundi mmoja akafungua pistoni za breki akasafisha akabadilisha raba zake za ndani, siku mbili safi, ya tatu ikarudia palepale.

Kitu kimoja tu sikukigusa. Ile mipira ya breki, yale mabomba laini yanayopeleka mafuta ya breki kutoka kwenye bomba la chuma mpaka kwenye gurudumu.

Kwa nini sikuigusa? Kwa sababu ilikuwa inang'aa. Na ilikuwa inang'aa kwa sababu ya dawa ya mzee.

Hapa nifafanue kwa wasio wa huku. Afisa nyuki haoni kitu duniani bila kufikiria nta. Kila kiangazi mzee alikuwa anachukua nta, anaichanganya na oili chafu ya injini, anayeyusha jikoni, kisha analala chini ya gari na kitambaa na kupaka kila mpira anaouona. Alisema vumbi la huku linapasua mpira, nta inauhifadhi. Alitumia sufuria ya maharage ya mama. Hilo nalo linasemwa kila sikukuu.

Na mimi baada ya kurithi gari nilirithi na dawa. Nimepaka kwa mkono wangu mara mbili. Tena nikipaka naona raha, najiona nipo naye. Niliona kuibadilisha mipira ile ni kama kumwambia mzee ulikuwa hujui kazi.

Basi, siku ya kumbukumbu ya mwaka mmoja wa baba ikakaribia, misa iwe Puge. Mimi nilikuwa na hamu moja tu moyoni, mama aende kwenye kaburi la mumewe ndani ya Nzuki. Nikamgusia.

"Nitapanda basi," akasema. "Nikikosa basi nitapanda baiskeli."

Nikajua kama breki hazijanyooka hilo halipo. Na kusema kweli, hata mimi nisingemweka mama kwenye gari inayokwenda kulia.

Ndipo nikaelekezwa kwa fundi Zuhura. Dada wa makamo, anatengeneza breki tu, hagusi injini. Akaja nyumbani Jumamosi asubuhi, akamsalimia mama shikamoo, mama akaitikia marahaba huku anachambua mchele barazani, hana habari na sisi.

Zuhura akainua mbele kwa jeki, akakinga na magogo. Akaniambia nikanyage breki halafu niachie.

Gurudumu la kushoto likazunguka vizuri. La kulia likagoma, hata kwa mikono miwili halitikisiki.

Akalegeza nati ya bomba pale juu kabla ya mpira. Gurudumu bado limeng'ang'ania. Akashuka nyuma ya gurudumu akafungua kile kinati cha kutolea upepo. Mafuta yakaruka, gurudumu likaachia palepale.

"Kaka, ukikanyaga kwa nguvu mafuta yanapita," akasema. "Ukiachia hayarudi. Mpira wako umeziba ndani."

Nikabisha. Wakuu, nilibisha kwa kujiamini kabisa. Nikamwambia mipira hii ni mizima, tazama inavyong'aa, mzee ameitunza miaka yote.

Akaukwaruza kwa kucha, akanusa kidole. "Hii nta?"

"Nta na oili chafu."

Akafuta kidole kwa kitambaa. Hakucheka, Mungu ambariki. Akanieleza kwamba mpira wa breki na oili ya injini havipatani hata kidogo. Oili inauingia, mpira unavimba, na kwa sababu nje kuna nyuzi ngumu unavimbia ndani. Nje unaona mpya, ndani tundu linafunga mwaka hadi mwaka.

Akaufungua. Nati ilikuwa imeshika kutu, tukaimwagia mafuta ya kulegeza tukaiacha mpaka tumalize chai. Ulipotoka akaukata katikati kwa msumeno wa chuma, akachukua njiti ya kiberiti.

Njiti haikuingia. Akaomba sindano. Sindano ilipita kwa shida.

Sikuona mama ameinuka saa ngapi. Nilimwona tu amesimama juu yetu na ungo wake.

"Mwanangu Zuhura," akamwita hivyo, "mpira ukiwa hivi, mtu akikanyaga halafu akaachia, gari inakwendaje?"

"Inavuta, mama. Huo wa kulia umeziba, kwa hiyo inavuta kulia."

"Hata kama dereva macho yake mazima?"

"Hata akiwa kijana wa miaka ishirini, mama."

Mama akaweka ungo chini. Akaingia ndani, akafunga mlango. Mimi na Zuhura tukabaki tunaangalia kile kipande cha mpira. Nilijisikia vibaya. Ile sawa niliyompa mzee ilinirudia yote.

Baada ya muda mama akatoka. Macho mekundu, lakini uso umetulia. Akauliza ile nta nani alipaka. Nikamwambia baba, na mimi nikaendeleza.

Akaanza kucheka. Kicheko cha kweli, mpaka akajishika kwenye nguzo ya baraza. "Kwa hiyo ni yeye mwenyewe. Na sufuria yangu. Hayakuwa macho, ulikuwa ubishi." Akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Ubishi wake naujua. Huo naweza kumsamehe."

Tukaagiza mipira mitatu kutoka Dar, miwili ya mbele na mmoja wa nyuma. Nilitaka nibadilishe ule mmoja tu, Zuhura akakataa katakata. Alisema yote mitatu imekula dawa moja. Mzigo ukaja na basi, na washa mpya za shaba, zile pete za kuzuia mafuta yasivuje, maana za zamani hazirudishwi.

Kwa mnaotaka kujifanyia wenyewe, zingatieni hili. Spana iwe ile inayoikumbatia nati ya bomba, siyo ya kawaida, la sivyo utaila kona zote ulie. Mpira usifungwe ukiwa umejisokota. Na ukimaliza, zungusha usukani mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia uangalie kama haugusi tairi. Wa kwetu mmoja uligusa, ikabidi tuufungue upya. Pia vilainishi vyovyote vya kupaka acheni jikoni.

Ikabaki kutoa upepo. Hiyo kazi inataka mtu wa kukanyaga, mtu wa kufungua kinati, na mtu wa kuongeza mafuta juu yasiishe. Zuhura yupo chini, mimi nipo na kopo kwenye boneti. Wa kukanyaga hayupo.

Nikawa nataka kwenda kumwita jirani. Mama akavua kandambili zake.

Akafungua mlango, akakaa siti ya dereva. Mwanamke ambaye miaka mitano hakuigusa hata kwa kuanikia nguo. Nikainamia kopo langu, niliogopa nikisema neno atashuka.

"Kanyaga, mama," Zuhura akaita kutoka chini. "Shikilia. Haya, achia."

Tulianza gurudumu la nyuma kushoto, tukamalizia la mbele kulia. Mwanzoni pedali ilikuwa inazama kama godoro. Kadiri upepo unavyotoka ikawa inakaza. Mwisho mama akasema, "Sasa imekuwa ngumu. Hivi ndivyo ilivyokuwa zamani."

Kumbe alikuwa anajua. Ujanani aliwahi kuiendesha, akaacha tulipozaliwa sisi watoto, maana siti mbili zile tungekaa wapi. Nina miaka arobaini na kitu, ndiyo nalisikia siku hiyo.

Zuhura akaizungusha mtaa mzima, akakanyaga na kuachia, akaachia usukani kabisa. Nzuki ikanyooka.

Siku ya misa tukaondoka asubuhi, mama kavaa kitenge chake kizuri, mkoba mapajani. Njia ile wapagazi wa zamani waliipita kwa miguu, meno ya tembo mabegani, sisi tulitumia saa moja na nusu kwa sababu mama alinikataza kuzidisha mwendo. Mlango alishikilia mpaka tulipokaribia Puge, kisha akauachia, akaanza kunieleza habari za watu wa kila kijiji tunachopita.

Lile shamba la pamba akalijua. Akaniambia nipunguze. Nikakanyaga, nikaachia, nikaongeza mwendo. Gari ikaenda mbele, moja kwa moja.

Mama akanyoosha mkono. Alinipigapiga goti mara mbili.

Baada ya misa tukaenda kaburini, wengine wakatangulia kwenye chakula. Mama akaniomba ufunguo. Akauweka juu ya kaburi, na kile kidonge cha nta, akasimama wima kama anavyosimama mbele ya wakubwa.

"Baba Method," akasema. "Gari ilivuta."

Akasubiri, kama anampa muda wa kujibu. Kisha akauokota, akaupangusa, na safari hii hakunipa mimi. Aliutia kwenye mkoba wake akafunga zipu.

Tulirudi Tabora mimi nimekaa siti ya abiria.

Funzo langu, wakuu, ni dogo. Mpira wa breki hauangaliwi kwa nje, na ukishazeeka toa, hata kama aliyeutunza ni mtu unayempenda. Na mzee wako akikwambia jambo, kabla hujampa ile sawa ya kumnyamazisha, lala chini ya gari uangalie.

Wenye magari ya zamani, semeni mmekutana na nini kwenye breki. Na kama yupo ambaye mzee wake bado yuko hai na kuna neno lake hamkuliamini, aandike hapa, ila ampigie kwanza. Mimi nasoma yote. Muda ninao, gari kaenda nayo mama sokoni.