Ni Kusema Tu

Nakumbuka siku niliyoambiwa, "Panda juu, kijana, watu wakuone," nami nikapanda. Laiti ningesema hapana, mwanangu, ningekuwa mzee mwingine leo. Lakini damu ilikuwa inachemka, spika inanguruma, watu wamejaa pale mtaani kwetu Makorora mpaka wengine wamekaa juu ya ukuta, na mimi sijawahi kutazamwa na macho mengi namna ile.

Nisingeyaandika haya kama si mjukuu wangu Zuhura. Juzi aliingia kwangu mbio, kanga inamdondoka, kandambili moja kaiacha mlangoni, shikamoo yenyewe inatoka na pumzi.

"Babu! Wamenichagua mimi! Uso wangu utaonekana kwenye simu za watu mpaka Mombasa!"

Kumbe kuna mtu anauza krimu ya kung'arisha ngozi mtandaoni, kaiona picha yake kaipenda. Kazi ya Zuhura ni kujipaka mbele ya simu na kusema kuwa uso wake ulikuwa umeharibika, krimu ikautengeneza.

"Na wewe umeanza kuipaka lini?" nikamuuliza.

Akacheka. "Babu nawe! Hata kopo lake sijaliona. Ni kusema tu."

Ni kusema tu. Mwanangu, maneno hayo niliwahi kuambiwa, hayo hayo, wala hayakupungua hata moja. Nikamwambia akae kwenye mkeka.

Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Sijisifu, maana leo nimekunjamana kama karatasi ya maandazi, lakini wakati ule uso wangu haukujua chunusi. Siri yake haikuwa siri. Mama yangu, mzaliwa wa Moa, alikuwa akikuna nazi, anakamua tui, analichemsha kwa moto wa polepole mpaka mafuta yanajitenga. Kila ukitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, unajipaka kidogo. Unapiga mswaki wa mti. Unakunywa maji kabla ya chai. Unakula mchicha hata kama umekuchosha, na usiku unalala, hukeshi vibarazani. Basi. Tuliona kama adhabu. Hakuna anayepigia vigelegele uwanja uliofagiwa. Lakini usiofagiwa, kila apitaye anauona.

Sasa siku ile pale Makorora akaja bwana mmoja mgeni, suti ya Kaunda imenyooshwa, na pikapu yenye spika mbili. Anauza krimu. Akaangaza katika umati, akaninyooshea kidole: "Wewe mwenye uso wa bwana harusi, njoo hapa." Akaninong'oneza niwaambie watu kuwa uso wangu umeletwa na krimu yake.

"Lakini bwana, mimi napaka nazi."

"Nani anajua? Ni kusema tu."

Nikapanda. Nikashika kipaza sauti, na we! Sauti yangu ikatoka kubwa kuliko mimi. Nilitumwa neno moja, nikaongeza kumi. "Jamani, nilikuwa na chunusi kama punje za mtama! Mama mzazi alikuwa akinipita njiani hanijui!" Watu wakaangua kicheko. Rafiki yangu mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Sefu, muongo wee! Chunusi ulizificha wapi?" Mama mmoja akamjibu, "Muache, una wivu! Mtoto wa watu kapendeza!" Vigelegele vikapaa, mikono ikanyooshwa, makopo yakagombewa kama maandazi ya moto. Mimi nikazawadiwa shati la kola ndefu na kopo moja la krimu. Nilirudi nyumbani kama niliyeshinda ligi. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, ndiyo maana unapinda popote.

Nyumbani kwetu kulikuwa na bibi harusi. Mwanaidi, binti wa baba yangu mdogo, aliletwa kutoka Mwera kwao ili mama yangu amtunze ndani mpaka siku yake. Wengine wangemwita binamu. Kwetu ni dada. Wakati huo bibi harusi hatoki. Anakaa chumba cha ndani, anasuguliwa singo, yaani liwa na manjano na mawaridi yaliyosagwa pamoja, mpaka ngozi inakuwa kama ya mtoto mchanga. Mwanaidi alikuwa na chunusi za ujana shavuni, nazo zilikuwa zimeanza kukauka zenyewe. Mama alimwambia, "Usiziguse. Singo yangu haina haraka, nayo haijawahi kuniaibisha."

Lakini spika haijui mlango uliofungwa. Mwanaidi alisikia kila neno dirishani. Nilipoingia, akaniita kutoka nyuma ya pazia.

"Kaka Sefu, yale uliyosema ni kweli?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya pili. Ningecheka tu, nikasema, "Dada, yalikuwa mazungumzo." Lakini vigelegele bado vilikuwa masikioni mwangu, na mwenye kusifiwa hapendi kushuka.

"Kweli tupu," nikasema. Nikampitishia kopo chini ya pazia.

Alijipaka kwa siri, juu ya ngozi iliyokuwa imetoka kusuguliwa singo, laini, haina ngao. Mama naye, asijue, akaendelea kumsugua palepale. Kabla harusi haijafika mashavu yalikuwa yamevimba na kubabuka. Sitausahau uso wa mama yangu alipolikuta lile kopo chini ya mto. Hakunipiga. Alinitazama, akalitazama na shati langu jipya.

"Mafuta yangu umepaka miaka yote," akasema, "sifa ukampa mtu wa pikapu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo kibaya kimetembezwa na mwanangu mwenyewe."

Siku ya kumtoa bibi harusi mbele ya wanawake, Mwanaidi alikaa amefunikwa uso. Waimbaji walijitahidi, lakini sauti zilikuwa zinashuka. Mumewe alikuwa mtu mwema, alimchukua wakaenda Mwera, wakapata watoto. Lakini mabaka yaliyobaki mashavuni hayakumtoka.

Uzee ukatukuta. Mwanaidi akapata kisukari. Hospitali walimpa vidonge, wakamwambia atembee kila asubuhi, apunguze ugali na chai ya sukari nyingi. Akatii, akapata nafuu, akawa anatembea shambani mbele ya wajukuu zake. Kisha akapita muuza dawa ya chupa, inayomaliza kila ugonjwa, na nyuma yake mtu wa kutoa ushuhuda kuwa amepona. Niliposikia nilikwenda Mwera siku ileile.

"Dada, usiache vidonge. Yule mtu kakodiwa. Najua, kwa sababu mimi nilikodiwa."

Akanitazama kwa upole, na upole wake ndio uliouma. "Wewe ulikuwa muongo, kaka. Si kila mtu muongo."

Hadithi niliyomsimulia Zuhura iliishia hapo. Simu ikaita mkononi mwake, akaiangalia, ni yule muuza krimu, akaiacha ikaita mpaka ikanyamaza. Nikajua nimemharibia furaha, nikaanza kutafuta neno la kumpooza. Ghafla akaruka kutoka mkekani.

"Babu, nazi zipo?"

"Zipo jikoni. Kwani?"

"Watanitazama, lakini nitasema ninachokipaka kweli! Kaa kwenye mbuzi, ukune, mimi nashika simu!"

Basi mimi, mzee mzima, nikakaa kwenye mbuzi nakuna nazi, chicha inaruka mpaka ndevuni, Zuhura anacheka hawezi kuishika simu ikatulia. "Si dawa," akawaambia watu, "haimbadilishi mtu kwa siku tatu. Ni mafuta tu, kila siku." Hakutazamwa na watu wengi. Lakini mwanangu, nilicheka siku ile kama sijacheka miaka!

Sasa nisikilize. Mwili hautaki miujiza, unataka mazoea. Haba na haba hujaza kibaba: maji, usingizi, mboga, mwendo wa asubuhi, usafi, na hicho unachopaka kiwe unachokijua. Ngozi ikikuuma au mwili ukikusumbua, nenda hospitali, wala usiache dawa uliyopewa kwa sababu ya mtu mwenye spika, hata kama spika yake siku hizi inaingia mfukoni. Na wewe mwenye uso mzuri, usiukodishe kwa uongo. Uso utachakaa, lakini uliyemdanganya bado atakukumbuka.

Mungu akupe siha isiyohitaji kutangazwa, na ulimi ambao ndugu zako watauamini siku ya shida. Amin.

Mimi ulimi wangu haukuaminika. Niliuza neno langu kwa shati, na siku nilipolihitaji limwokoe dada yangu halikuwa na uzito. Mwanaidi tulimzika Mwera, na vidonge vyake tulivikuta dirishani, havijafunguliwa.