Jina la Kache Ubaoni

Kache wa Mikindani hakuwahi kushika kalamu. Alitunga akitwanga mahindi: mchi ukishuka pamoja na maneno, mshororo umekubali; mchi ukikwama, anautupa mshororo na kuanza upya. Shairi lake juu ya wanaume wanaorauka kuomba kibarua langoni mwa matangi ya mafuta lilienea Changamwe nzima bila karatasi.

Mwaka 1948 Maalim Jamaludin, bingwa wa kuchambua mashairi, alilifafanua ukumbini kwetu. Alilisifu sana. Akaliandika ubaoni, akahesabu mizani, akasema kazi safi namna hii ni ya mwanamume msomi wa mjini. Ubeti wa mwisho, ambao kwa desturi hubeba jina la mtunzi, aliufuta kwa kitambaa. Alidai kuwa wanawake wa mashamba wameupachika tu. Kesho yake alikusudia kulipeleka shairi gazetini hivyo hivyo, bila jina.

Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu, nami nilimwamini.

Kache akasimama nyuma ya ukumbi, leso kiunoni. "Maalim, huo ulioufuta ndio mimi."

Maalim alimuuliza, kwa upole wenye dharau, shairi lina mizani mingapi. Kache hakujua. Watu wakacheka.

"Sijui kuhesabu," alisema. "Lakini kwetu anayelipinga shairi hulijibu kwa shairi, kwa vina vile vile. Haya, nakusikiliza."

Maalim aliomba wiki moja. Mtu mmoja akamuuliza Kache kama aletewe kinu. Kache hakungoja, alipiga benchi kwa kiganja, akatunga papo hapo ubeti mpya ulioishia hivi:

*Mikindani nabakia, anipingaye karibu,*
*Kache nimewatungia, jina langu si aibu.*

Safari hii hakuna aliyecheka. Nilihesabu kwa vidole: mizani ilitimia yote. Nikaona haya. Niliweza kueleza shairi lolote, na katika maisha yangu sikuwa nimetunga hata mshororo mmoja. Maalim naye vilevile. Basi ni nani aliyetupa sisi mamlaka ya kuamua mtunzi ni yupi?

Maalim alichukua chaki, akaandika jina chini ya shairi kwa herufi ndogo. Kache aliyatazama maandishi yale.

"Mbona dogo hivyo, Maalim? Liandike walio mlangoni walione."

Maalim akalifuta, akaliandika upya.